Kwa mnaoanza Usenet: tafuteni programu yake, brauza haitoshi

Wadau mnaoniuliza habari za Usenet, yaani ule mtandao wa zamani wa mazungumzo ambapo watu wanaposti na kujibizana kwenye magrupu ya mada mbalimbali, ntajibu hapa kwa wote maana maswali ni yale yale. Kwanza jueni kwamba tangu Februari 2024 Google Groups hawapokei tena posti mpya za Usenet, za zamani unazisoma tu lakini kuposti hamna, ndo maana mtu akichungulia pale anakuta kila uzi (posti na majibu yake) umeishia hapo anasema aah kumbe ilishakufa. Haijafa bwana. Watu wamepungua sana, hilo siwafichi, na magrupu mengi ni magofu yaliyojaa spamu za zamani, ila nenda comp.lang.c, grupu la lugha ya programu ya C, uone watu wanavyobishana hadi leo.

Usenet haina mwenyewe. Tangu ilipoanza chuo cha Duke kule Marekani 1979 kuelekea 1980, mtindo ni kwamba seva zinapeana posti, kila moja inabaki na kopi yake. Kwa hiyo wewe unahitaji seva ya kuingilia na programu ya kusomea, basi. Seva zamani ulipewa na kampuni ya intaneti, siku hizi nyingi wameshazizima. Eternal September ni ya bure, unajiandikisha unapata jina na nywila, ina maandishi tu haina mafaili. Zile za kulipia ni za watu wa kudaunlodi mafaili makubwa, kama umefuata mazungumzo usitoe hela yako.

Programu anza na Thunderbird, ile ya kusomea imeili, kwa sababu ukiwa umezoea imeili hutapotea. Unaongeza akaunti ya makundi ya habari (siyo ya imeili, wengi wanapotelea hapo), seva unaandika news.eternal-september.org, poti 563 na usalama wa SSL/TLS, halafu kwenye mipangilio ya seva weka tiki pale pa kudai uthibitisho kila inapounganisha. Hiyo tiki ndo inasumbua wengi, usipoiweka seva haikujui na utashangaa magrupu huyaoni wakati nywila iko sawa. Baada ya hapo bonyeza kulia jina la seva, sabskraibu magrupu mawili matatu, usijaze hamsini siku ya kwanza.

Ukifungua grupu kubwa Thunderbird itakuuliza kama ushushe vichwa vyote au 500 tu. Chukua 500, na usiguse kile kiboksi cha kuhesabu zilizobaki kuwa zimesomwa mpaka ujue unataka nini. Hapa ndo utamu wa programu ulipo, inashusha kichwa cha posti tu, yaani nani kaandika, lini, na anajibu posti ipi, mwili wa posti unakuja ukiifungua, kwa hiyo hata bando la kuunga unga linatosha. Panga kwa nyuzi. Herufi N inakupeleka kwenye posti ambayo hujasoma, K inaua uzi mzima usioutaka, na hiyo K utaipenda kuliko zote. Ukishazoea jaribu Pan, programu nyingine ya kusomea Usenet, unasoma kwa kugonga spesi tu na ina mfumo wa kumpa mtu alama, msumbufu unampa hasi anapotea machoni pako. Programu ya slrn nayo ni nzuri sana ila ni ya dirisha jeusi la maandishi, isubiri kidogo.

Jambo lingine ambalo hawaelezi: namba za posti ni za kila seva peke yake, posti ile ile huku ni 8120 kule ni 455, na programu inakumbuka ulichosoma kwa hizo namba. Ndo maana ukihamia seva nyingine unaona vitu ulivyosoma vimerudi kuwa vipya au vipya vimejificha. Chagua seva moja tulia nayo.

Kuposti sasa. Kuna kitufe cha kujibu kwenye grupu na kitufe cha kumjibu mwandishi mwenyewe kwa imeili, angalia vizuri, maana wengi wanaweka anwani ya uongo inayoishia .invalid kukwepa spamu na barua yako itagonga mwamba. Kata maneno ya mwenzio uache yale unayoyajibu tu, jibu lako liwe chini yake siyo juu, maandishi matupu bila rangi wala picha. Wazee wa huko ni wakali kwa hili na mimi nawaelewa, ukisoma uzi wa posti 80 utaona mwenyewe. Na weka anwani isiyo yako ya kazini, kwa sababu posti ikishatoka inasambaa seva zote, kuifuta karibu hakuna seva inayotii. Kama unataka kujaribu mitambo tuma alt.test, grupu la majaribio, pale hata ukiandika "habari habari" mara kumi hakuna atakayekukaripia.