Kuipunguza The Beggar's Opera ya John Gay (1728) iwe ya dakika 90

Mkuu, umeuliza kikundi cha watu 12 wakate wapi ili igizo libaki la dakika 90. Anzeni na nyimbo. Ziko 69, nyingi fupi mno. Bakisheni kama 30. Toeni zile zinazorudia hisia ambayo mazungumzo yamekwisha kuitoa.

Zinazobaki zisiimbwe kwa madaha ya opera. Gay alichukua tuni ambazo London nzima ilizijua, akazitia maneno machafuchafu ya wezi. Hata machi (muziki wa gwaride) ya mtunzi Handel kutoka opera yake Rinaldo aliwapa majambazi waimbe wakielekea barabarani kupora. Neno lisiposikika, utani umekwenda. Fidla mbili, selo na kinanda vinatosha. Mkileta tarumbeta mmejimaliza.

Daftari la Peachum mwanzoni msiliguse. Huyu hupokea mali za wizi, na pia huwauza wezi wake mwenyewe: anapitisha kidole kwenye orodha akiamua nani anyongwe. Tom Gagg, paundi 40, yaani zawadi ya serikali kwa kumkamatisha jambazi. Asome kama karani anayefunga hesabu za mwezi. Akiwakonyeza watazamaji tu, kejeli imekufa. Kwenye orodha hiyo yumo Robin of Bagshot mwenye majina lukuki, la mwisho Bob Booty, yaani Bob Nyara, na Bob ni kifupi cha Robert; hicho ni kijembe kwa Robert Walpole, mkuu wa serikali wakati ule. Andikeni mstari mmoja kwenye kipeperushi, maana leo hakuna atakayekigundua.

Genge la Macheath, jambazi shujaa wa igizo, na wanawake wa tavernini punguzeni wabaki wannewanne, waigizaji wabadilishane nguo. Ila Suky Tawdry, mmoja wa wanawake hao, abaki. Macheath ana bastola mbili: mwenzake Jenny Diver anachukua moja huku akimbembeleza, Suky nyingine, ndipo askari wanaingia. Wengi humfuta Suky, kisha inakuwa kichekesho kisichokusudiwa: jambazi mwenye bastola kiunoni anakamatwa kama kuku.

Ugomvi wa Polly, binti wa Peachum, na Lucy, binti wa mlinzi wa gereza, wanaomgombea Macheath gerezani Newgate, unawadhihaki Cuzzoni na Faustina, waimbaji wa opera ya Kiitaliano ambao uhasama wao ulizua vurugu ukumbini 1727. Wapeni sauti zinazolingana. Mmoja akimfunika mwenzake, hakuna shindano.

Utangulizi wa Mwombaji nao msiukate. Ndiye mtunzi wa igizo ndani ya igizo, na mwishoni ndiye anayelazimishwa kumwokoa Macheath kitanzini kwa sababu eti opera lazima iishe kwa furaha. Asipoonekana mwanzoni, watazamaji watajiuliza huyu mwenye matambara katokea wapi.