Mbona ramani ya simu hailijui gari la Usa River?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimehamia Usa River kutoka Moshi, kazi yangu iko Njiro, Arusha mjini. Binamu yangu wa Nairobi akifungua ramani kwenye simu anaonyeshwa matatu ya kupanda na mahali pa kushukia. Mimi nikibonyeza alama ya basi sipati kitu, napewa njia ya gari dogo na ya miguu tu. Simu yangu ni mbovu?
Msomaji wa Usa River

JIBU: Marahaba, mwanangu. Simu yako ni nzima, usimpelekee fundi hela.

Ramani haioni daladala likipita barabarani. Inasoma mafaili yaliyoandaliwa na watu: moja la vituo, jingine la ruti, jingine la safari na saa za kufika kila kituo. Mpangilio huo ulianza mwaka 2005, pale Google walipofanya kazi na TriMet, shirika la usafiri la Portland, Marekani. Huko basi lina saa yake. Kwetu gari linaondoka likijaa, na wengi hudhani hapo ndipo tunapokwama. Sivyo. Mpangilio huohuo unaruhusu kuandika kwamba gari hupita kila baada ya dakika kadhaa, bila kutaja saa kamili.

Nairobi nao matatu hayakuwa na ratiba. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na watafiti wa MIT na Columbia, vyuo vikuu vya Marekani, walipanda matatu wakirekodi njia na vituo kwa simu, zaidi ya ruti 130. Ramani yao ilitoka 2014, na mwaka 2015 ruti hizo zikaingia Google Maps. Watu walilipa nauli, wakakaa kwenye siti, wakaandika.

Jumamosi iliyopita nilijaribu mwenyewe. Nilitoka Usa River hadi mjini, daftari mapajani, nikiandika kila gari liliposimama. Tengeru haina shida, kila mtu anaijua. Lakini kuna mahali mzee mmoja alisema, "Shusha kwa mangi," konda akagonga bodi, wakashuka wanne. Hapakuwa na kibao wala banda, duka tu na mti. Kwangu hicho ni kituo kamili, na ramani itakayokiacha itampoteza mgeni. Nilipokosea jina la kituo kilichofuata, mama wa siti ya mbele alinisahihisha mara moja. Maarifa hayo yapo midomoni mwa abiria, na inaniuma kwamba hayajaandikwa popote.

Jambo moja hakuna faili litakalokuambia: konda kukatisha ruti abiria wakipungua. Kabla hujapanda muulize, "Mnafika mwisho?"

Kwa sasa weka alama kwenye ramani pale ofisini kwako, shuka mjini, panda gari la Njiro, kisha itazame nukta ya bluu. Ikikaribia alama, sema "shusha" mapema, gari likiwa na mwendo halisimami ghafla.

Tena, OpenStreetMap ni ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Fungua akaunti, weka kituo, andika jina kama konda anavyolitamka. Cha kwa mangi nimeshakiweka. Upande wa Njiro sijaupanda bado. Niandikie vituo vyake, kuanzia kile unachoshukia wewe.