Gari linagoma asubuhi: usinunue betri kabla hujapima

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, gia otomatiki, nalilaza nje hapa Tabata, Dar es Salaam. Asubuhi nikipiga stata inalia "ka-ka-ka-ka", taa za dashibodi zinafifia, injini haizunguki. Jirani akinibusti linawaka papo hapo na kutwa nzima halisumbui. Jumatatu ndiyo balaa zaidi. Betri ni ya saizi NS40, ina miezi minne. Fundi alichomoa terminali ya hasi injini ikiwa inaunguruma, gari halikuzima. Akasema altaneta (mashine inayochaji betri) ni nzima, betri ndiyo feki, ninunue N50 yenye nguvu zaidi. Je, itaingia bila kubadilisha kitu?

Jibu: Ndugu, haitaingia. N50 ina urefu wa sentimita 26 hivi, NS40 haifiki 20, kwa hiyo haikai kwenye kitako cha betri cha IST. Nguzo zake pia ni nene kuliko vibanio vya nyaya zako. Wakilazimisha watavipanua, na siku ukirudisha betri ya saizi yake vitacheza, ndipo utakapokuta mtu amekupigia msumari katikati ya nguzo na kibanio "ili vikaze". Msumari huo peke yake unatosha kulifanya gari ligome asubuhi.

Hata ingekuwa inaingia, ningekuzuia. Hakuna aliyepima betri yako wala altaneta. Kilichofanyika ni kuchomoa terminali injini ikiwa inawaka, na hilo ndilo jambo linaloniudhi kuliko yote katika kazi hii, maana linapotosha na kuharibu kwa mkupuo mmoja.

Mtindo huo ni wa enzi za dinamo, kabla altaneta hazijaenea katika miaka ya 1960. Gari la wakati ule halikuwa na kompyuta ya kuunguza. La kwako lina kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye altaneta. Ukiiondoa ghafla wakati altaneta inachaji, umeme uliokuwa ukiingia kwenye betri unakosa pa kwenda. Kwa sehemu ndogo ya sekunde volti zinaweza kuruka kutoka 14 hadi 40 na zaidi, kabla regyuleta, kidhibiti cha volti, haijawahi kuzishusha. Hapo ndipo diodi za altaneta (zinazopitisha umeme upande mmoja tu), regyuleta yake au kontroli boksi huungua. Mwenye gari anaondoka na kosa jipya ambalo hakuja nalo gereji.

Na jibu linalopatikana halina thamani. Pampu ya mafuta, koili na nozeli zinataka ampea kumi na kitu tu ili injini iendelee kuunguruma. Altaneta yenye diodi mbovu bado inazitoa bila taabu, ingawa haiwezi tena kulisha taa, feni ya AC na betri kwa pamoja. Injini haizimi, fundi anatangaza "nzima". Usiku, diodi hiyohiyo inaweza kuvujisha umeme wa betri kurudi ndani ya altaneta mpaka kunakucha. Kwa dalili ulizoeleza, hiyo ni mojawapo ya sehemu ninazozishuku, nayo imepewa cheti cha uzima bila kupimwa.

Sasa sikiliza gari lenyewe. "Ka-ka-ka-ka" ya haraka huku taa zikififia maana yake ni kwamba umeme haufiki wa kutosha: solenoidi ya stata (swichi yake ya sumaku) inavuta, stata inadai umeme mwingi, volti zinaanguka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Ingekuwa "ka!" moja na taa zinabaki kali, ningekwambia ufungue stata uangalie kontakti za shaba ndani ya solenoidi, ambazo kwa Toyota hulika na hubadilishwa bila kununua stata nzima. Ingekuwa kimya kabisa huku taa zinawaka vizuri, ungejaribu kwanza kuwasha gia ikiwa kwenye N badala ya P, kisha uangalie fyuzi na rilei ya stata. Na gari ambalo stata inazungusha injini kwa nguvu lakini haliwaki, betri haihusiki hata kidogo. Hapo tafuta mafuta na moto wa plagi.

Nunua au azima maltimita ya dijitali. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na betri. Iweke kwenye volti za DC, alama ya 20.

Jioni acha boneti wazi ili asubuhi usifungue mlango kwanza. Alfajiri pima nguzo hadi nguzo. Betri iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. 12.2 ni nusu. Chini ya 12.0 karibu haina kitu. Usipime mara baada ya kuzima gari, maana betri iliyotoka kuchajiwa hudanganya kwa saa kadhaa.

Kisha mtu apige stata wewe ukitazama mita. Kama betri ilikuwa na 12.5 halafu inaporomoka chini ya 9.6, betri yenyewe ni dhaifu, ipeleke dukani kama bado ina waranti. Ikibaki juu ya 11 wakati stata inalia tu, betri haina hatia. Weka ncha moja ya mita juu ya risasi ya nguzo yenyewe, katikati kabisa, na ncha nyingine juu ya kibanio kilichoishika, kisha mtu apige stata tena. Kati ya vitu viwili vinavyogusana mita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ukiona nusu volti, au volti nzima, kosa liko pale mbele ya macho yako: ni ule unga mweupe au wa kijani uliojificha ndani ya kibanio ambapo kwa nje panaonekana pasafi. Fungua kwa spana namba 10, hasi kwanza, mwagia maji ya moto yenye kijiko cha magadi bila kuyaingiza ndani ya betri, kausha, kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga chanya kwanza na hasi mwisho. Rudia kipimo hicho kutoka nguzo ya hasi hadi kwenye chuma kitupu cha injini, ikizidi 0.2, waya wa ethi, unaounganisha hasi na injini, umelika au bolti yake imelegea.

Altaneta inapimwa terminali zikiwa zimefungwa. Washa gari, pima nguzo za betri: unataka kati ya 13.8 na 14.5. Sasa washa taa kubwa na AC, kanyaga mafuta mpaka injini ifike mizunguko 2,000 hivi kwa dakika. Ikishuka chini ya 13.2, kagua mkanda kisha diodi. Ikipanda juu ya 15, regyuleta imekufa na inachemsha betri. Hata ukinunua mpya kila baada ya miezi minne itaimaliza.

Ukiwa umepita hapo salama, tafuta mwizi wa usiku. Wewe umesema Jumatatu ndiyo mbaya, na mimi hapo ndipo ningeanza kutilia mkazo. Kifaa kinachonyonya ampea 0.5 tu, tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu alfajiri, saa 60, kimekula ampea-saa 30. Betri yako yote ina 35 hivi. N50 ingekupa siku moja zaidi kisha ingekufa vilevile.

Zima kila kitu, chomoa terminali ya hasi, hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, uweke mita iwe daraja kati ya nguzo ya hasi na kibanio chake. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Mlango wa dereva uache wazi lakini kitufe cha swichi yake kibaki kimebonyezwa ili gari lidhani umefungwa. Subiri nusu saa vifaa vilale. Chini ya 0.05 ni kawaida. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Mara nyingi ni amplifaya ya redio iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, au taa ya buti isiyozima. Fyuzi zote zikitoka na namba haishuki, shuku altaneta: toa kwanza mita ili hasi ya betri ibaki imechomolewa, fungua waya mnene wa altaneta, uufunge kwa tepu, rudisha mita. Namba ikianguka, umempata.

Wakati bado unatafuta, busti kwa mpangilio. Nyekundu kwenye chanya yako, kisha chanya ya jirani. Nyeusi kwenye hasi ya jirani, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini yako, mbali na betri. Betri hutoa haidrojeni, na cheche ya mwisho ndiyo inayoilipua. Kwa sababu hiyohiyo, mtu anayepima betri kwa kugonganisha nguzo na spana aone cheche "kama ina nguvu" mwondoe karibu na gari lako. Tindikali ikiingia machoni ni kuosha kwa maji mengi, si chini ya dakika 15, kisha hospitali. Gari lako ni la otomatiki, kwa hiyo kulisukuma hakutaliwasha, mtachoka bure. Betri yenye vifuniko inaongezwa maji yaliyotoneshwa tu, kamwe si tindikali, hata kama kishoka anaiuza kwa jina la "dawa ya betri". Na fyuzi iliyokatika haizungushiwi karatasi ya sigara. Ilikatika kuzuia waya usiwake moto.

Andika namba zako nne: volti za alfajiri, volti stata ikipigwa, volti za kuchaji na ampea za usiku. Mpe fundi umeme karatasi hiyo. Akiiweka pembeni na kushika terminali injini ikiwa inaunguruma, zima gari, chukua ufunguo wako.