Wapagazi wa vita vya 1914: askari au raia?

Swali: Mwalimu, naandika tasnifu ya kulinganisha hali ya askari na raia wa Afrika Mashariki katika vita vya 1914–1918 na vya 1939–1945. Jedwali langu lina safu mbili, askari na raia. Wapagazi niwaweke wapi?

Jibu: Wape safu yao. Waingereza peke yao walichukua wapagazi wanaokaribia milioni 1, na makadirio ya chini ya waliokufa yanakaribia 100,000. Ukiwaita raia, utaficha kwamba walikuwa chini ya amri ya jeshi, wengi kwa kulazimishwa. Ukiwaita askari, msomaji atadhani waliuawa kwa risasi, kumbe wengi walimalizwa na kuhara damu, malaria na nimonia. Waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi, tena mara nyingi haukuiva.

Kwa nini watu wengi hivyo? Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota. Sasa piga hesabu: mzigo kilo 25, posho kilo 1 kwa siku. Safari ya siku 10 kwenda na 10 kurudi inakula kilo 20. Zinazomfikia askari ni 5! Kila jeshi lilivyosonga mbali na reli, ndivyo vijiji vilivyozidi kukamuliwa watu na chakula.

Ndiyo maana njaa ya Mtunya kule Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, 1917–1920, usiiandike kama ukame mtupu. Mvua ilikosekana, kweli, lakini nafaka, mifugo na wanaume vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa na majeshi yote mawili, la Wajerumani na la Waingereza. Mafua ya 1918 yakawakuta watu wamedhoofu.

Vita vya pili vilikuwa na malori, na KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) walipigana mbali: Ethiopia, Madagascar, Burma. Hatari nyingine ilikuwa baharini. Meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa Februari 12, 1944 na karibu watu 1,300 wakafa, wakiwemo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Nyumbani, Wajapani walipoteka Ufilipino na Java, vyanzo vingine vya nyuzi za kamba, mwaka 1942, mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita, na vijana wakaandikishwa kwa nguvu kwenye mashamba. Hao ni raia kamili, waweke safu ya raia.

Angalizo moja: vibarua wa jeshi wa vita vya pili walivaa sare na kuhesabiwa pamoja na wanajeshi. Kabla ya kulinganisha jumla za vita hivyo viwili, watenge kwanza.