Anza na Felix kabla ya Mickey

Dada, umeuliza kama wasilisho lako la darasani kuhusu wahusika wa katuni waliopata umaarufu mapema lianze na Mickey Mouse. Nakushauri uanze na Felix, yule paka mweusi aliyetokea Marekani mwaka 1919, enzi za filamu zisizo na sauti. Alichorwa na Otto Messmer katika studio ya Pat Sullivan, na kwa miaka mingi sifa zote zilimwendea Sullivan. Tafadhali mtaje Messmer, ni haki yake.

Waonyeshe wanafunzi mkia. Felix akikwama, mkia unajikunja kuwa alama ya kuuliza, mara anaung'oa na kuutumia kama fimbo. Nadhani ndiyo maana watu walimpenda: walimwona akifikiri. Akauzwa kama mwanasesere madukani, na mwaka 1928 sanamu yake iliwekwa kwenye meza inayozunguka huko New York kwa ajili ya majaribio ya televisheni.

Mickey mlete hapo. Filamu yake yenye sauti ilitoka Novemba 1928, na kufikia 1933 alikuwa kwenye saa za mkononi. Felix alichelewa kupata sauti, na Mickey akampita.