Obama: useneta wa Springfield si ule wa Washington

Mkuu, umeuliza inakuwaje Obama aitwe seneta tangu 1997 wakati Seneti ya Washington aliingia Januari 2005. Hayo ni mabunge mawili. Kila jimbo Marekani lina bunge lake, na la Illinois hukaa Springfield, zaidi ya kilomita 300 kutoka Chicago alikokuwa akiishi.

Alichaguliwa 1996 kuingia Seneti ya jimbo hilo, akaanza kazi Januari 1997, akiwakilisha sehemu ya upande wa kusini wa Chicago. Alivyoupata uteuzi wa Democratic ndiyo sehemu wengi hawaijui: watu wake walikagua saini za wadhamini wa wapinzani wake, jina kwa jina, wakaweka pingamizi, na wote wanne wakaenguliwa. Kwenye kura za mchujo akabaki peke yake. Kisheria ilikuwa halali, lakini mimi bado roho inaniuma kwa wapiga kura waliokosa wa kumchagua.

Miaka sita ya mwanzo chama chake kilikuwa na viti vichache, hivyo miswada yake mingi ilikwama. Huku akifundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 2000 alijaribu kiti cha Baraza la Wawakilishi la Washington, Bobby Rush, mbunge aliyekuwa akikishikilia, akamwangusha vibaya.

Mambo yalibadilika 2003, Democratic walipoishika Seneti ya jimbo. Akasimamia sheria ya kuwalazimisha polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Polisi wenyewe waliipinga mwanzoni. Akakaa nao, kifungu kwa kifungu, hadi ikapita. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa pale.