Hekta zile zile, msitu mwingine

Mkuu, umeuliza ndege wa msituni wanapunguaje wakati jumla ya hekta haijabadilika. Chukua kalamu. Msitu wa mraba wa hekta 100 una upande wa kilomita 1. Tuseme jua na upepo hupenya mita 100 kutoka ukingoni: kiini, yaani sehemu ya ndani wanayoihitaji ndege hao, kinabaki mita 800 kwa 800, hekta 64. Ukate vipande vinne vya hekta 25 vilivyotengana, kila kimoja kinabakiwa na mita 300 kwa 300. Hekta 9 mara nne, 36 basi! Ndiyo maana Usambara Mashariki watu walihangaikia ushoroba wa Derema, ukanda wa msitu unaounganisha vipande vilivyotengana. Kwenye QGIS, programu ya ramani, weka bafa ya -100 (inakata mita 100 kwenda ndani kutoka ukingoni) usome kinachobaki, ila ramani iwe ya mita, si digrii (mimi iliwahi kunifutia msitu mzima).